Kichupa cha IL-2 kinaonekana kitupu: kuyeyusha na kuhifadhi kwa hali ya Mombasa

Ndugu aliyeuliza ana kichupa cha IL-2 (interleukini-2, protini inayozichochea seli T, aina ya seli nyeupe za damu, kuzaana) rekombinanti ya binadamu, yaani iliyotengenezwa kwa jeni la binadamu ndani ya bakteria wa E. coli, mikrogramu 10. Ndani haoni kitu. Cha kabla ya hicho alikiyeyusha chote mara moja akakigandisha, na baada ya wiki kadhaa seli T zikaacha kuzaana. Auliza kama ameuziwa hewa.

Hukuuziwa hewa. Mikrogramu 10 za unga uliokaushwa kwa baridi ni utando mwembamba ambao mara nyingi hauonekani kwa macho, na safarini hurukia hadi kwenye kifuniko. Nionavyo, protini yako ya kwanza ilipotelea kwenye plastiki na kwenye friza, haikuwa mbovu tangu kiwandani.

Kabla ya kufungua, kitoe kwenye friza ukiache kimefungwa mezani nusu saa. Kwa unyevu wa huku kwetu, hasa masika, kichupa baridi kikifunguliwa hulowa ndani papo hapo, na unga ukishika maji huanza kuharibika. Kisha kizungushe kwenye sentrifyuji sekunde 30 ili kila kilichoko kwenye kifuniko kishuke.

IL-2 haipendi maji matupu wala bafa (mmumunyo unaotunza pH) ya pH 7: hujikusanya vidonge vidonge na kunata. Watengenezaji wengi huelekeza asidi asetiki ya milimola 100 yenye albumini (protini ya damu) asilimia 0.1. Weka mikrolita 100, upate mikrogramu 100 kwa mililita. Usitikise kwa mashine, povu huikunjua protini. Pitisha mmumunyo huo kwenye ukuta wa kichupa taratibu kwa pipeti, kiache dakika 15, ukigeuzegeuze polepole. Asidi isikutie hofu. Ukishaizimua mara elfu kumi kwenye chakula cha seli haibadilishi pH.

Albumini ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye kuokoa kazi. Protini kidogo ikiwa peke yake hushika kuta za mrija na ncha za pipeti, na kadiri unavyoizimua ndivyo sehemu inayopotea inavyokuwa kubwa. Chuja maji ya albumini kwa kichujio cha mikroni 0.22 kabla ya kuyatia kichupani. Usichuje IL-2 yenyewe, itabaki kwenye kichujio. Ila kama unataka kuibandika rangi au kuifunga kwenye kitu kingine, nunua isiyo na albumini, kwani rangi itakwenda kwa albumini kwanza.

Gawa mafungu 5 ya mikrolita 20, kwenye mirija isiyonasa protini. Usishuke chini ya hapo, maana fungu dogo hukauka na kugusa ukuta mwingi zaidi. Ukitaka nanogramu 10 kwa mililita katika mililita 10 za chakula, ni mikrolita 1 tu, na hakuna mkono unaoipima sawasawa. Chukua fungu moja, ongeza mikrolita 180 za chakula chenye seramu, upate mikrogramu 10 kwa mililita. Hapo utachota mikrolita 10. Kinachobaki kaa nacho kwenye 4°C kwa muda uliotajwa kwenye karatasi yake. Usikigandishe tena.

Sasa friza. Zile zinazojiyeyusha barafu zenyewe hupasha joto kila mara, na mafungu madogo huyeyuka na kuganda bila wewe kujua. Stima ikikatika, mambo ni yaleyale. Unga mkavu huvumilia siku kadhaa za joto la chumba, ndiyo maana hata husafirishwa bila barafu kavu; iliyokwisha yeyushwa haivumilii. Kwa hiyo, Mombasa, heri vichupa 5 vya mikrogramu 10 kuliko kimoja cha 50, ijapokuwa kila mikrogramu itakugharimu zaidi. Yeyusha cha kutumia sasa, vingine vibaki unga.

Kuhusu yuniti (kipimo cha nguvu ya protini): karatasi ikisema ED50 (kiwango kinacholeta nusu ya mwitikio mkubwa kabisa) ni nanogramu 0.1 kwa mililita, gawanya milioni moja kwa 0.1, upate yuniti milioni 10 kwa miligramu. Usilinganishe yuniti za kampuni moja na nyingine, wala usiziite za kimataifa mpaka karatasi iseme zimepimwa kwa kipimo rejea cha WHO. Kila toleo lina namba yake.

Na kwa kuwa imetoka kwa E. coli, tazama kiwango cha endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria). Seli T pekee hazisumbuki sana, lakini monositi (aina nyingine ya seli nyeupe za damu) zikiwamo zitaitikia hata chembe yake. Chemsha fungu moja 95°C nusu saa, litumie kama kidhibiti: IL-2 itakufa, endotoksini itabaki. Seli zikiendelea kuitikia, si IL-2 inayofanya kazi. Kipimo hicho usikitegemee kwa TGF-β1 (protini nyingine ya kuashiria seli), ile ni sugu kwa joto.