Hewa Kwanza, Meza Baadaye: Maswali Yenu Kuhusu Vituo vya Mafunzo Kazini Wakati wa Janga

Barua za safari hii zimetoka kwa waratibu, wakufunzi, wasimamizi wa karakana na wengine. Tumechagua saba. Majibu yanahusu magonjwa yanayosambaa kwa pumzi, kama UVIKO-19 na homa kali ya mafua. Ugonjwa unaosambaa kwa njia nyingine una kanuni zake.

Darasa letu lina urefu wa mita 8, upana mita 6 na kimo mita 3. Tunafundisha watu 20 kwa pamoja. Kiyoyozi ni kipya na kinafanya kazi vizuri, kwa hiyo madirisha tunayafunga ili baridi isipotee. Je, hewa hiyo ni salama?
*Mratibu wa mafunzo*

Hapana, ndugu mratibu. Viyoyozi vingi vya ukutani havileti hewa kutoka nje. Vinavuta hewa ile ile ya chumbani, vinaipoza, kisha vinaitupia watu tena. Januari 2020, katika mgahawa mmoja wa mji wa Guangzhou nchini China, watu 10 wa familia tatu waliokaa meza za jirani, akiwemo mgonjwa wa kwanza, walikutwa na virusi vya korona baada ya kula mchana chumba kimoja. Kiyoyozi kilikuwa kinazungusha hewa kati ya meza hizo, na hewa ya nje iliyoingia ilikuwa kidogo mno.

Shirika la Afya Duniani linashauri lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Watu 20 wanahitaji lita 200 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 720 kwa saa. Chumba chenu kina mita za ujazo 144. Gawanya, utaona kwamba hewa yote inapaswa kubadilishwa mara 5 kila saa. Mkiwa watu 10 humo humo, kiasi hicho hicho cha hewa kinampa kila mmoja lita 20. Ndiyo maana kupunguza idadi ya watu kunasaidia maradufu: wanaoweza kuambukiza wanapungua, na kila aliyebaki anapata hewa zaidi.

Fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana, hata kwa nafasi ya kiganja, huku kiyoyozi kikiendelea. Baridi itapungua na matumizi ya umeme yataongezeka. Hiyo ni gharama ya kweli, na ipangwe kwenye bajeti mapema. Kama madirisha yako upande mmoja tu, wekeni feni kwenye dirisha moja ikipuliza kuelekea nje, na fungueni mlango wa upande wa pili. Zibeni nafasi zinazobaki kuizunguka feni kwa ubao au katoni, la sivyo hewa iliyotolewa itajipenyeza pembeni na kurudi ndani. Feni ya darini inazungusha tu iliyopo. Feni ya kusimama inayopuliza kutoka mtu hadi mtu ni mbaya zaidi, maana inabeba pumzi ya aliyekaa mbele na kumpelekea wa nyuma.

Kujua kama njia ya hewa inafanya kazi, kata ukanda mwembamba wa karatasi laini, ushike kwa vidole viwili kwenye upenyo wa mlango. Ukivutwa kuelekea chumbani, hewa inaingia. Ukining'inia bila kutikisika, hamna kinachoendelea.

Kipimo bora ni kifaa cha kupima hewa ukaa, gesi ambayo kila mtu huitoa anapopumua. Nje kinapaswa kusoma karibu sehemu 420 kwa milioni. Darasani lengeni chini ya 800. Kikipita 1,000 punguzeni watu au ongezeni nafasi ya dirisha. Kiwekeni kwenye kimo cha kichwa cha aliyeketi, mbali na dirisha na zaidi ya mita moja kutoka kwenye mdomo wa mtu. Nunueni kinachopima kwa mwanga wa infraredi. Vile vya bei ya chini vinavyokisia kutokana na gesi nyingine vinapanda ghafla mtu akipaka kitakasa mikono karibu navyo, nanyi mtahangaika bure. Kwenye karakana inayochomelea au kuchoma gesi, namba hizo zisitumike, kwa sababu hewa ukaa inatoka pia kwenye moto na kwenye mtungi.

Mashine ya kuchuja hewa yenye chujio la HEPA, yaani linalonasa hata chembe ndogo sana, inafaa pale madirisha yasipotosha. Inayosafisha mita za ujazo 360 kwa saa inawapa sawa na mabadiliko 2.5 ya hewa katika darasa lenu. Haipunguzi hewa ukaa, kwa hiyo namba ikibaki juu msidhani imeharibika. Mashine zinazotoa ozoni msiziingize kabisa penye watu; ozoni inaumiza mapafu.

Mapumziko nayo yana hesabu yake. Chumba kinachobadilisha hewa mara 5 kwa saa, watu wakitoka wote kwa dakika 15, kinapoteza takriban asilimia 70 ya pumzi iliyobaki. Wakibaki ndani wakipiga soga, faida hiyo hawaipati.

Tunapima joto kila anayeingia getini. Foleni ni ndefu na kozi inachelewa. Je, tuache?
*Afisa utumishi*

Mkiacha hamtapoteza kingi. Mwenye virusi vya korona anaweza kuambukiza siku mbili kabla ya dalili yoyote, na wengine hawapati homa mpaka wanapona. Kwa upande mwingine, aliyetembea juani anaweza kusomwa kuwa na homa. Ubaya mkubwa ni ile foleni yenyewe, watu wamebanana sehemu moja. Badala yake kila mshiriki ajibu maswali matatu kwa ujumbe wa simu kabla hajatoka nyumbani: una homa, kikohozi au koo linauma? Unaishi na mtu aliyethibitishwa kuwa mgonjwa? Umeambiwa ukae nyumbani? Jibu la ndiyo limbakize huko huko.

Tunapuliza dawa ya klorini kwenye spana, kalipa na vishikio vya mashine kila zamu inapokwisha. Vifaa vimeanza kushika kutu na vijana wanalalamika macho yanawasha. Tupunguze dawa?
*Msimamizi wa karakana*

Badilisheni utaratibu mzima. Virusi hivi husambaa zaidi kwa hewa kuliko kwa vyuma, kwa hiyo mnatumia nguvu nyingi mahali penye hatari ndogo, na bado mnaharibu zana.

Kwanza acheni kupuliza. Dawa ikirushwa hewani inaingia machoni na kifuani kwa mpulizaji, halafu kwenye kifaa inaacha sehemu nyingi bila kuzifikia. Tumieni kitambaa kilicholowa. Kumpulizia mtu dawa, hata kwenye mahema ya langoni, Shirika la Afya Duniani lilikukataza tangu Mei 2020.

Nguvu inayotosha kwa sakafu, meza na vitasa ni asilimia 0.1. Kama chupa yenu imeandikwa asilimia 5, changanyeni mililita 20 za dawa na mililita 980 za maji. Kwa ndoo ya lita 10, ni mililita 200 na maji lita 9.8. Kama imeandikwa asilimia 3.5, ni mililita 29 kwa kila lita ya mchanganyiko. Someni lebo kila mnapofungua chupa mpya, kwa sababu viwango vinatofautiana. Maji yawe ya baridi, mchanganyiko ufunikwe, usikae juani, na kesho yake umwagwe utengenezwe mwingine. Klorini inaisha nguvu bila kubadili rangi wala kutoa ishara.

Grisi na vumbi vitangulie kuoshwa kwa sabuni, maana uchafu unaila klorini kabla haijafanya kazi. Pakeni, acheni pabaki na unyevu dakika 10, kisha futeni kwa maji safi. Klorini isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia. Gesi zinazotoka zinaweza kuua.

Zana za chuma zioshwe kwa sabuni na maji, zikaushwe na kupakwa mafuta kidogo. Kalipa na vipimo vingine vifutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70. Msitumie ya asilimia 96 mkidhani ni bora: inakauka upesi mno, na maji yanahitajika ili kuharibu protini za kirusi. Kupata lita moja ya asilimia 70, pimeni mililita 730 za spiriti ya asilimia 96 kisha jazeni maji mpaka lita. Iwe ethanoli, methanoli ni sumu hata kupitia ngozi. Njia rahisi kuliko zote hizi ni kila mwanagenzi kupewa seti yake kwa kozi nzima, na mikono ioshwe kwa sekunde 40 hadi 60 kabla ya kushika mashine na baada yake.

Hapa tunaomba msikilize kwa makini, kwa sababu ni hatari ambayo haikuwepo kabla ya janga. Spiriti ya asilimia 70 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye joto la kawaida la chumba, na mwali wa ethanoli ni wa bluu hafifu ambao kwenye mwanga mkali hauonekani. Mtu anapaka kitakasa, anavaa glovu za ngozi mikono ikiwa mbichi, anawasha mashine ya kuchomelea. Anahisi anaungua kabla hajaona moto. Kituo cha kitakasa kiwekwe nje ya eneo la kuchomelea, kusaga na kazi za umeme. Ndani ya eneo hilo liwepo sinki na sabuni tu. Anayetumia kitakasa asugue mpaka mikono ikauke kabisa, sekunde 20 hadi 30, na glovu zisipakwe hata kidogo.

Mafunzo ya huduma ya kwanza yanahitaji mwanasesere wa kufufulia. Watu kumi na wawili wanapulizia kinywa kimoja. Tuyaahirishe?
*Mkufunzi wa huduma ya kwanza*

Msiyaahirishe, dada mkufunzi. Moyo wa mtu hausubiri janga liishe. Ondoeni kupulizia kwa mdomo. Wafundishwe kukandamiza kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na pumzi wazifanyie mazoezi kwa mfuko wa kupumulisha.

Anayekandamiza kwa dakika mbili anahema kwa nguvu, kwa hiyo zoezi lifanyike nje au penye hewa nyingi, barakoa zikiwa usoni, mwanasesere mmoja kwa watu wawili wasiobadilishwa. Kati ya mtu na mtu futeni uso, kifua na paji kwa kitambaa cha spiriti ya asilimia 70 na muache pakauke penyewe. Darasa likiisha, vueni ngozi ya uso, ioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ilowekwe dakika 10 kwenye klorini ya asilimia 0.05 (mililita 10 za dawa ya asilimia 5 kwa lita moja), isuuzwe na kukaushwa. Mapafu ya plastiki yatupwe. Kinachosahaulika kila mara ni ndani ya pua na mikunjo ya midomo. Tumieni brashi ndogo.

Mkufunzi wetu huvuta barakoa kidevuni akitaka kusikika. Tumlazimishe?
*Mwanafunzi*

Mpeni kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo. Anayepaza sauti hutoa chembe nyingi zaidi kuliko anayeongea taratibu, hivyo anayeshusha barakoa ili apaze sauti ndiye anayehatarisha wenzake kuliko wote. Barakoa za vumbi zenye vali ya plastiki, zinazopendwa karakanani, zinamlinda aliyevaa lakini pumzi yake inatoka bila kuchujwa. Miwani ikiota ukungu, hewa inavuja puani: bonyeza waya vizuri. Ndevu nyingi pia zinaivujisha. Kioo cha uso peke yake si mbadala wa barakoa.

Mshiriki akiugua katikati ya kozi tufanye nini? Kanuni yetu inamnyima cheti anayekosa zaidi ya siku mbili.
*Msimamizi wa kituo*

Kanuni hiyo ndiyo tatizo la kwanza, kabla ya mgonjwa mwenyewe. Mtu aliyebakiza siku tatu apate cheti atakunywa dawa ya homa asubuhi na kuja. Andikeni sasa hivi kwamba anayekaa nyumbani kwa ugonjwa atamalizia vipindi vilivyobaki na kundi linalofuata bila malipo mapya, na wasomeeni siku ya kwanza.

Akiugua kituoni, aende kwenye chumba chenye dirisha lililo wazi na mlango uliofungwa, avae barakoa, na mtu mmoja tu amhudumie akiwa na barakoa inayobana vizuri, mpaka usafiri ufike. Akishindwa kupumua vizuri, midomo ikibadilika rangi au akichanganyikiwa, iteni gari la wagonjwa. Chumba alichokuwamo kiachwe wazi saa moja kabla ya kusafishwa. Daftari lenye nafasi ya kila mtu kwa kila kipindi litaonyesha mara moja nani wa kuarifiwa, mradi vikundi havichanganywi wakati wa chakula. Idadi ya siku za kukaa nyumbani ifuate mamlaka ya afya ya mahali penu, kwa sababu hubadilika kadiri virusi vinavyobadilika.

Kituo kilifungwa miezi minne. Tunafungua wiki ijayo. Tumesafisha sakafu na kupaka rangi. Kuna kingine?
*Fundi wa majengo*

Maji. Yaliyolala kwenye mabomba yakiwa na joto kati ya nyuzi 20 na 45 yanakuza bakteria wa legionela, ambao huleta nimonia kwa anayevuta manyunyu ya maji hayo. Siku kadhaa kabla ya kufungua, pandisheni tangi la maji moto hadi nyuzi 60. Kisha anzeni na bomba lililo karibu na mahali maji yanapoingilia, mwende mpaka la mwisho, kila moja likimwaga dakika kadhaa hadi maji yawe safi na joto litulie. Vichwa vya bafu vifunguliwe kwanza ili maji yasirushe manyunyu, madirisha yawe wazi, na anayefanya kazi avae barakoa inayobana vizuri.

Mimineni pia maji kwenye kila tundu la sakafu. Mkunjo wa bomba chini yake hukauka jengo likifungwa, na hewa ya maji taka hupanda. Mwaka 2003, katika maghorofa ya Amoy Gardens huko Hong Kong, matundu yaliyokauka namna hiyo yalihusishwa na kuenea kwa SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha jamii ya korona, kwa wakazi zaidi ya 300. Lita moja kwa kila tundu inatosha, na irudiwe kila wiki kwenye vyoo visivyotumika.