Niko Dubai, pesa si ya Marekani, grinikadi yangu inaingiaje hapo?

SWALI: Habari za kazi. Mimi mzaliwa wa Mombasa, nimekaa Marekani miaka mingi nikapata grinikadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, sasa niko Dubai kwenye kampuni ya uwekezaji ya watu wa huku huku, hakuna Mmarekani mwenye hisa. Tunataka kununua hisa za kampuni moja ya Shenzhen inayobuni chipu za akili mnemba na mimi ni mmoja wa wanaopiga kura. Juzi mwanasheria wetu kaomba karatasi zetu sote, alipoiona grinikadi yangu akanyamaza kabisa. Kuna nini? Mimi si raia wao! M., Dubai

JIBU: Ndugu M., hajanyamaza bure huyo. Marekani inakagua uwekezaji unaokwenda China, na watu wengi wanadhani ukaguzi huu unafuata pesa tu, kumbe unamfuata na mtu. Biden, akiwa rais wa Marekani, alisaini amri Agosti 2023, kanuni za Wizara ya Fedha ya huko zikaanza kazi tarehe 2 Januari 2025, na zinagusa uwekezaji unaokwenda China, Hong Kong na Macau zikiwemo, kwenye mambo matatu: chipu, teknolojia ya kwantamu (ile ya kompyuta na vifaa vya aina mpya kabisa) na akili mnemba. Dili nyingine unatoa taarifa tu ndani ya siku 30 baada ya dili kukamilika, nyingine ni marufuku kabisa, na hizo chipu kali za akili mnemba ndo ziko huko kwenye marufuku.

Sasa shida yako iko hapa, kwenye kanuni hizo mwenye grinikadi ni "mtu wa Marekani" sawasawa na raia, popote alipo duniani, hata akikaa hapo Dubai miaka kumi. Kampuni yenu kama kweli haimilikiwi na Wamarekani inaweza ikanunua, ila wewe ukiwa na sauti pale ukaisukuma dili ya marufuku ipite, umevunja sheria wewe binafsi, na ukifanya kwa makusudi kuna kifungo cha hadi miaka 20. Nakuambia hivi kwa sababu nakuonea uchungu, una familia.

Mlango wa kutokea upo lakini, kanuni zenyewe zinakuruhusu kujitoa. Na kujitoa si kunyamaza kikaoni wakati wenzako wananyoosha mikono. Usipige kura, usisaini, usiongee bei na Wachina, na ile rasimu ya mkataba wakikutumia kwa imeili ati "icheki tu kidogo" usiiguse, maana hata kuisoma na kuweka maoni pembeni ni kushiriki. Mwombe katibu aandike kwenye kumbukumbu za kikao kuwa umejitoa na tarehe yake, nakala ubaki nayo, halafu tafuta wakili wako mwenyewe, yule wa kampuni anailinda kampuni.

SWALI: Nipo Minneapolis, huwa namtumia binamu yangu pesa ananunua simu na chaja Guangzhou tunauza Kariakoo. Na mimi nimo? Mama S.

JIBU: Hapana dada, hiyo ni biashara ya kununua bidhaa, hujanunua hisa za kiwanda wala hujafungua kampuni ya chipu na mtu. Endelea tu. Ila binamu akikuambia kuna jamaa wa kiwandani anatafuta wabia wa kuweka mtaji kwenye programu ya akili mnemba, hapo usitume hata dola kabla hujatuandikia tena.