Nakanyaga mafuta, gari linajivuta: majibu ya maswali yenu

Shikamoo fundi. Gari langu ni otomatiki, injini ya petroli. Nikikanyaga mafuta linatulia kama sekunde moja, halafu linaruka. Nimebadilisha plagi zote nne, hali ni ile ile. Taa ya injini haijawaka.

Marahaba. Kabla hujanunua kifaa kingine, inama uangalie chini ya pedeli. Zulia lililojikunja huizuia isifike mwisho, na nimekuta hivyo zaidi ya mara moja. Zulia likiwa sawa, nenda kwenye throto, yaani mlango unaopitisha hewa kuingia kwenye injini. Magari mengi ya sasa hayana kebo ya kutoka mguuni hadi kwenye injini. Sensa mbili za pedeli huiambia kompyuta umekanyaga kiasi gani, kisha kompyuta huamuru kimota kifungue kipepeo cha throto. Kipepeo kikishika masizi, ule ufunguzi mdogo wa mwanzo ndio unaovurugika, na ndiyo maana gari linasita kisha linaruka.

Vua bomba la hewa, mulika kwa tochi. Ukiona duara jeusi lenye utando wa mafuta pale ukingo wa kipepeo unapokutana na ukuta, futa kwa kitambaa laini kilicholowa dawa ya kusafishia throto. Usikisukume kipepeo kwa kidole wakati swichi imewashwa, maana kimota kinaweza kukibana kidole au gia zake ndogo zikavunjika. Ukimaliza, injini inaweza kunguruma kwa juu bila kukanyagwa. Kompyuta ilishazoea uchafu, sasa inabidi ifundishwe upya kipepeo kinakaa wapi. Utaratibu hutofautiana gari kwa gari, fuata kitabu chake au tumia mashine ya kupimia. Wengi hulalamika kwamba fundi kawaharibia gari, kumbe hatua hii tu ndiyo iliyorukwa.

Kaka fundi, gari likiwa limesimama nikipiga resi linaitika vizuri. Nikifika mlimani nakanyaga mpaka mwisho wala haliendi. Mashine ya kupimia ilisoma namba ya hitilafu P0171. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya mafuta, wa pili anasema ni sensa ya oksijeni. Nimechoka kutoa hela.

Pole sana ndugu yangu, na hiyo sensa usiinunue bado. P0171 haisemi kifaa gani kimekufa. Inasema hewa ni nyingi mno kwa petroli iliyopo, basi. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta taarifa hiyo, na mjumbe hauawi.

Mwombe fundi afungue data gari likiwa linawaka, asome asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Tuseme bila kukanyaga inaonyesha +20, halafu ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka hadi +5. Hapo kuna hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Tundu ni lile lile, lakini injini inayovuta hewa kidogo hulihisi zaidi kuliko inayovuta nyingi. Ikiwa ni kinyume, yaani namba inapanda kadiri unavyokanyaga, basi petroli haifiki ya kutosha, au sensa ya hewa ni chafu na inapunja hesabu. Sensa hiyo inasafishwa kwa dawa yake maalumu tu, bila kuguswa kwa kidole wala brashi, na inaachwa ikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Niliwahi kuletewa gari lenye dalili kama za lako, pampu mpya, koili mpya. Bomba la mpira lenye mikunjo, lile linaloelekea kwenye throto, kwa juu lilikuwa zima kabisa. Nikalivua na kulikunja mkononi, na mkunjo mmoja wa upande wa chini ukafunguka kama mdomo wa samaki. Gari likisimama ufa ulijifunga. Likibeba mzigo, injini ilijisogeza kwenye maunti zake, yaani mipira inayoishikilia, bomba likavutika na ufa ukaachama. Kwa hiyo data isomwe pia gari likiwa barabarani, mtu mwingine akiwa ameshika mashine. Na bomba lako livuliwe kabisa, lisitazamwe kwa juu juu.

Je, kile kifaa kinachofungwa kwenye pedeli kinaongeza nguvu?

Hapana. Kinaiambia kompyuta kwamba umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Nguvu ya injini ni ile ile. Gari lenye hitilafu litabaki na hitilafu yake.

Fundi, langu linaanza safari vizuri, likishapata moto linakufa nguvu, na nyuma linanuka kama mayai viza. Awali lilikuwa linamisi, yaani silinda moja ilikuwa inakosa kuunguza petroli, nikaendelea kulitumia.

Hapo naishuku katalisti, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, kuziba. Petroli isiyoungua kwenye silinda inayomisi huenda kuungulia ndani ya katalisti na kuyeyusha masega yake, na moshi ukikosa njia hewa mpya haiingii. Fundi afunge geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa, kwenye manifoldi ya hewa, ashikilie mizunguko 2,500. Sindano ikishuka taratibu badala ya kutulia, kuna kizuizi kwenye ekzosi. Tibu misi kwanza. Ukifunga katalisti mpya juu ya misi ile ile, nayo itayeyuka. Na siku taa ya injini ikipepesa, ondoa mguu, tafuta pa kusimama.

Dada yangu anaendesha gari ambalo ghafla linakataa kukimbia. Akizima na kuwasha linapona. Mashine inasoma P2135.

Mwambie asilitumie mpaka lipimwe, maana linaweza kumkatikia akiwa analipita lori. Namba hiyo ya hitilafu ina maana kwamba sensa mbili zinazopaswa kukubaliana, za throto au za pedeli, zinatofautiana, na kompyuta imeamua kubana nguvu kwa usalama. Msibadilishe throto nzima kwa kubahatisha. Chomoeni soketi yake kwanza mtazame pini, kisha mfuate waya mpaka kwenye ethi, pale unapofungwa kwenye chuma cha gari. Mkikuta kutu ya kijani kwenye pini, anzieni hapo.