Panya na shambulio la hofu

Dada, umeuliza panya wa maabara atatufundisha nini kuhusu shambulio la hofu, yaani mtu anayebanwa kifua ghafla kwa hofu ndani ya basi la mwendokasi la Kimara. Kiasi tu. Watafiti humweka panya kwenye njia panda iliyoinuliwa juu, pande mbili zina kuta, mbili ziko wazi. Akipewa diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi (ile ile watu wanayojinunulia kiholela, na ina uraibu) huthubutu kukaa zaidi kwenye zile za wazi. Lakini hapo umepima wasiwasi, si shambulio. Kwa shambulio, watafiti humvutisha gesi ya kabonidayoksaidi, maana hata binadamu wenye tatizo hili huweza kushikwa wakiivuta. Fluoksetini, dawa ya sonona na hofu, ndiyo inayosumbua: kwa mtu huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, hivyo dozi moja kwa panya mara nyingi haionyeshi nafuu yoyote.