Aliniomba nisiseme, nikawaambia ndugu zangu

"Shangazi, mke wangu amegunduliwa kuwa na saratani ya titi na ameanza matibabu Ocean Road. Alinisihi nisimwambie mtu, lakini mzigo ulinielemea, nikawaeleza ndugu zangu katika kundi letu la WhatsApp ili watuombee na kutuchangia. Walipokuja kumjulia hali alijifungia chumbani, na sasa amehamia kwa mama yake. Wahenga si walisema mficha maradhi kifo humuumbua?" Msomaji, Temeke.

Mwanangu, pole, kwani kuuguza si kazi ndogo. Hata hivyo umekosa, tena pakubwa.

Methali uliyoishika kama ngao inamsema anayemficha tabibu. Mkeo amepimwa, amekubali kutundikiwa dripu za tibakemikali, na wewe mumewe amekwambia. Alichotaka kukisitiri ni mwili wake. Nywele huanza kupukutika wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza, na huenda alikuwa akijiandaa kuikabili siku hiyo peke yake, mbele ya kioo chake, kabla hujamletea mawifi na mashemeji wa kumkodolea macho kifuani. Tena dawa hizo hushusha kinga ya mwili, hata mafua ya mgeni yanaweza kumlaza wodini.

Unasema ulielemewa, nami nakuamini, lakini aliyeelemewa humtafuta mtu mmoja msiri akamlilia faraghani. Wewe ulitangaza kundini. Kuhusu michango, hujaandika popote kwamba mlikwama kulipa, wala kwamba ulimuuliza kama yu radhi kuchangiwa, na ndiyo maana nashuku kwamba uliyetaka aonewe huruma ni wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Iweje kifua cha mume kivuje kuliko faili la hospitali?

Wapo wanaostahili kujua, kama dada zake, kwa kuwa saratani hii wakati mwingine hufuata damu, nao huenda wakahitaji kupimwa. Hilo ni lake kulisema, siku atakayoichagua yeye.

Nenda kwa mama mkwe wako bila msafara, umwombe mkeo radhi bila kutaja methali wala nia yako njema. Kisha muulize kama michango irudishwe au itumike, na jibu lake ulipeleke kundini kwa sentensi moja tu, pasipo habari nyingine yoyote ya mwili wake.