Gharama ya kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo

Dada yangu, umeuliza kwa nini shilingi 500,000 ulizotoa kwenye ATM karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha zimezaa deni kubwa kuliko ununuzi wa kiasi hichohicho. Sababu kuu ni kwamba, unaponunua bidhaa kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida hutozwi riba ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, lakini fedha taslimu hazina muda huo wa nafuu, hivyo riba huanza kuhesabiwa siku ileile ulipozitoa, na mara nyingi kwa kiwango cha juu zaidi. Kabla hata ya riba hiyo, benki hukata ada ya kutoa.

Tuchukue mfano wa ada ya asilimia 4 na riba ya asilimia 3 kwa mwezi: utalipa ada ya shilingi 20,000, kisha riba ya takriban 15,000 kwa siku 30, yaani 35,000 juu ya ulichokopa. Mwenye ATM naye anaweza kutoza ada yake, na kama kadi ni ya fedha za kigeni, kuna gharama ya kubadilisha fedha.

Viwango vyako halisi vimo katika mkataba wa kadi. Nakusihi usingoje taarifa ya mwezi. Lipa mapema kadiri uwezavyo, maana riba huhesabiwa kila siku. Kwa dharura ijayo, linganisha kwanza na mkopo wa SACCOS yako.