Uliza Fundi: Tairi limelika ndani, umeme unasingiziwa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Nissan Leaf ya 2018, mtumba wa Japani. Kila siku natoka nayo Mtwapa kwenda kazini kisiwani Mombasa na kurudi. Miaka miwili haijatimia, nimetembea kilomita 21,000 tu, na matairi ya mbele yamekwisha. Ile Vitz niliyouza ilikuwa ikifika 45,000. Fundi wangu asema magari ya umeme ndivyo yalivyo, yanakula matairi. Dukani nimeambiwa ninunue matairi maalumu ya gari la umeme, shilingi 19,000 moja, na ya kawaida ni 10,500. Ya nyuma yamepimwa, meno yana milimita 5. Yangu yameandikwa 205/55R16 91V. Picha hizo hapo. Nitoe hizo pesa? Ninunue mawili au manne?
Msomaji, Mtwapa

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha zako nimezikuza mpaka nikaona waya. Tairi la kushoto limelika sawasawa, ukingo hadi ukingo. La kulia limelika upande wa ndani peke yake, waya zinachungulia, na huku nje meno yapo ya kutosha. Mota haijui kula tairi upande mmoja. Hiyo ni alaimenti, yaani gurudumu halikukaa sawa, na kwa hiyo barabara ya Mtwapa na michepuko yake sishangai. Ukimpa gari hilo matairi ya dhahabu, la kulia litakwisha vilevile.

Kwa hiyo kabla ya duka, nenda gereji. Gari linyanyuliwe, fundi alishike gurudumu juu na chini alitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, tafuta boljointi au ncha ya tairodi iliyokufa, ndivyo viungo vinavyolishika gurudumu. Aangalie na bushi, ile mipira ya mikono ya chini. Vilivyochoka vibadilishwe, ndipo matairi mapya yavikwe, ndipo alaimenti ipigwe. Wapo wanaopiga alaimenti juu ya bushi mbovu. Hizo ni pesa za kutupa baharini.

Fundi wako hakukudanganya, amekupa nusu ya habari. Leaf yako ina uzito wa kilo kama 1,500, na Vitz ni tani moja hivi. Tofauti hiyo ni mifuko kumi ya saruji uliyoipakia na hukuiteremsha hata siku moja. Kisha mota yake inatoa nguvu yote ya kuzungusha magurudumu, 320 Nm, tangu gari likiwa limesimama. Vitz ya 1.3 haifiki nusu ya hapo, na hata hiyo mpaka injini izunguke kwanza. Na kazi yote iko mbele: matairi hayohayo mawili ndiyo yanayovuta, yanayokata kona, na ukiachia mguu ndiyo yanayopunguza mwendo ili umeme urudi kwenye betri. Mimi nina Leaf pia. Nilipoinunua nilikuwa nikiwaacha vijana wa matatu kwenye taa za Nyali, mtu mzima na mvi zangu. Matairi yalinitia adabu. Siku hizi naondoka kama nimebeba mayai.

Sasa bei. Matairi yaliyotengenezewa gari la umeme si porojo. Mbavu zake huwa ngumu zaidi, mpira wake umechanganywa uvumilie ile nguvu ya ghafla bila kukokota, na mengine yamegandishwa sponji ndani kupunguza mvumo wa lami, maana hakuna injini ya kuufunika. (Likipata pancha, fundi lazima aikate ile sponji kwanza, na wengi hawajawahi kuiona.) Ungekuwa na jeep la umeme la tani mbili na zaidi ningekwambia toa. Kwa Leaf, hapana. 205/55R16 ni saizi ya Golf na Corolla kadhaa, imejaa kila duka. Chukua ya 10,500 ya kampuni inayojulikana. Ile 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, usishuke chini ya hapo. Ukipata 94 XL (tairi lililoimarishwa), kilo 670, ni heri. Likiwa na kibandiko cha Ulaya, tazama mstari wenye alama ya mafuta: unashuka toka A iliyo bora hadi E, na kwako wewe mafuta ni chaji. Usikubali E.

Nunua mawili. Na hapa utagombana na vijana wa dukani, maana watakimbilia kuyafunga mbele. Mapya yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele. Masika yakimwaga, mbele ikiteleza unaachia mguu na usukani unarudi. Nyuma ikikuacha, gari linageuka kabla hujasema bismillahi. Baadaye zungusha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hivi.

Upepo nao. Nilipokuwa na kibanda changu Makupa, kila gari dogo nililijaza upepo wa 30, bila kuuliza. Mkono ulishazoea. Wewe fungua mlango wa dereva usome kibandiko. Magari ya Japani huandika kPa: ukikuta 250, hiyo ni 36 kwenye kipimo cha fundi. Pima asubuhi kabla hujatoka, tairi likiwa baridi. Wanaojaza 45 ili chaji ifike mbali wanakula meno ya katikati, na breki kwenye maji inakuwa bahati nasibu.

La mwisho, simama mwenyewe jeki inapowekwa. Betri imelala chini ya sakafu yote ile. Jeki ikae kwenye alama za pembeni, nyuma ya gurudumu la mbele na mbele ya la nyuma. Siku kijana wangu alipoipeleka katikati nilipiga ukelele mpaka muuza mahamri ng'ambo akamwaga chai.

SWALI: Fundi, nimeonyeshwa matairi ya mtumba kutoka Japani, meno marefu kama mapya, bei robo. Namba ya mwisho ni 4817. Ubaya uko wapi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: 4817 ni wiki ya 48 ya mwaka 2017, ndugu yangu. Umri huo pekee ungenitosha kulikataa. Lakini tazama picha yako tena: kila jino limechanjwachanjwa vijistari kama vya msumari, na ubavuni pameandikwa STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji, la watu wa Hokkaido. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike barafu. Kwenye lami ya jua kali litalika kama kifutio, na ukishika breki kwa ghafla utalisikia linavyoyumba. Mrudishie mwenyewe.